Mnyama Ana Miguu, Kwa Nini Asihame?

Jioni moja tulikuwa darasani hapa Lumuma. Somo lilikuwa hali ya hewa. Tulikuwa tumeandika ubaoni kwamba dunia inazidi kupata joto, na kwamba viumbe wengi wa milimani wamo hatarini. Mzee mmoja, mlimaji wa vitunguu, akanyosha mkono.

"Mwalimu," akasema, "hapo sikubali. Jua likiwa kali mimi nahamia kivulini. Mbuzi wangu naye hivyo hivyo. Mnyama ana miguu, ndege ana mabawa. Huku chini kukiwa na joto si atapanda juu kwenye baridi? Sasa hatari iko wapi?"

Darasa likacheka, na wengi wakamwunga mkono. Sisi hatukucheka. Mzee yule hakwenda chuo kikuu, lakini swali lake ndilo wataalamu wanalolishughulikia mpaka leo. Siku ile tulimjibu kwa kifupi tu, maana taa ilikuwa imeanza kufifia. Leo tunataka kumjibu vizuri, na wewe usome pamoja naye.

MZEE AMESEMA KWELI

Kwanza tukubali: mzee hakukosea. Joto likiongezeka viumbe huhama.

Kila kiumbe ana makazi yake. Makazi ni mahali anapopata chakula, maji, mwenzi wa kuzaa naye, na hewa inayomfaa. Samaki hawezi makazi ya kuku. Na ndege wa msitu wa baridi hawezi makazi ya kunguru wa Kilosa mjini.

Sasa hebu tupige hesabu kidogo. Kilosa mjini ni kama mita 500 juu ya usawa wa bahari. Mgongo wa milima yetu ya Rubeho unafika mita 2,000 na kupita. Ukitoka Kilosa mpaka huko juu umepanda mita 1,500. Kwa kawaida kila ukipanda mita 100 joto hupungua nusu digrii au zaidi kidogo. Tuchukue 0.6, yaani sehemu 6 za 10 za digrii moja. Mita 1,500 ni mia 15. Basi 15 mara 0.6 ni 9. Kama Kilosa kuna joto la digrii 30, juu mlimani ni kama digrii 21. Ndiyo maana aliyezoea Kilosa akifika huko juu anaomba blanketi.

Geuza hesabu hiyo. Dunia kwa wastani imekwisha kupata joto zaidi ya digrii moja tangu karne ya 19, na mwaka 2024 ulipita kwa joto miaka yote iliyopimwa kabla yake. Kiumbe anayetaka kubaki katika ubaridi aliouzoea, joto likipanda digrii moja apande mita ngapi? Gawa 1 kwa 0.6, kisha zidisha kwa 100. Utapata kama mita 170.

Mita 170 ni kitu gani? Akina mama wa Lumuma wanapanda kiasi hicho kutafuta kuni na kurudi kabla ya chai.

Tena viumbe wameonekana wakihama kweli. Kule Usambara, mkoa wa Tanga, mtafiti Simon Stuart alihesabu ndege wa msituni kati ya mwaka 1979 na 1981, akaandika kila aina anaikuta kwenye urefu gani wa mlima. Mwaka 2019 watafiti wengine, akiwamo William Newmark, walirudi kulekule. Walitazama aina 29 za ndege wa milimani. Wakaona kwamba aina nyingi zimesogea juu, kwa wastani karibu mita 90. Hakuna aliyewafukuza kwa manati. Walifuata baridi.

Lakini watafiti waliona jambo la pili, na hili ndilo linalotufanya tusikubaliane na mzee mpaka mwisho. Ndege wale waliondoka chini kwa haraka kuliko walivyoongeza eneo juu. Ni kama mtu anayekunja mkeka kwa upande mmoja, na upande wa pili haukunjuki. Mkeka unakuwa mdogo.

KICHUGUU NA KAMBA

Tafuta kichuguu kikubwa shambani. Chukua kamba, izungushe chini kabisa kwenye kitako cha kichuguu. Weka fundo. Sasa izungushe kamba hiyohiyo katikati. Imezidi, sivyo? Izungushe karibu na ncha. Imezidi zaidi. Kichuguu kinakuwa chembamba jinsi unavyopanda.

Milima mingi nayo ni hivyo. Anayehama kwenda juu anahamia kwenye eneo dogo zaidi. Watakaokaa ni walewale, chakula ni kidogo kuliko cha chini, na huko juu wako wenyeji waliotangulia. Kisha mlima una mwisho. Tuseme ndege anakaa kati ya mita 1,600 na kilele cha mita 2,000. Joto likipanda digrii mbili atahitaji kusogea karibu mita 340. Amebakiwa na mita 60 tu za kukaa. Digrii ya tatu ikija atakaa wapi? Hewani?

"Basi ahamie mlima mwingine," mzee alisema pale pale. Naam. Hapo ndipo penye matatizo.

MLIMA NI KISIWA

Aliyekwenda Unguja amevuka bahari kwa boti. Bila boti hafiki. Kwa viumbe wa misitu ya baridi, Rubeho ni kama Unguja. Bahari yake ni nchi ya joto iliyoizunguka.

Tazama ramani. Milima yetu ni mmoja wa milima ya Tao la Mashariki. Tao hilo linaanza Taita nchini Kenya, linapita Upare, Usambara, Nguu, Nguru, Ukaguru, Uluguru, Rubeho na Udzungwa, mpaka Mahenge. Zamani sana, mamilioni ya miaka iliyopita, misitu ya Kongo iliungana na misitu ya upande wa pwani. Baadaye nchi ya katikati ikakauka. Misitu ikabaki pale mvua ilipoendelea kunyesha, yaani kwenye milima inayokinga pepo za Bahari ya Hindi. Kila mlima ukabaki na viumbe wake.

Sisi wa Rubeho tuna "bahari" mbili. Upande wa kaskazini liko bonde la Mkondoa, lile linalopitiwa na reli ya kati. Ng'ambo yake ni Ukaguru. Upande wa kusini ni bonde la Ruaha Mkuu. Aliyepanda basi la Iringa anajua joto la Ruaha Mbuyuni. Madirisha yote hufunguliwa, na nje unaona mibuyu tu. Ng'ambo ya pale ni Udzungwa. Wewe na sisi tunavuka kwa nauli. Kiumbe wa msitu mbichi atavukaje?

Chukua chura mmoja wa Ukaguru. Wataalamu walimtangaza mwaka 2002, na jina lake la kitaalamu ni Churamiti maridadi. Usishangae, jina hilo limetokana na Kiswahili chetu, kwa sababu ni chura wa mitini na ni maridadi. Mpaka wanamwandika walikuwa wamepata wawili tu. Ngozi ya chura ni nyembamba, nayo lazima iwe na unyevu, maana hupumulia pia kwa ngozi. Mweke chura wa namna hiyo juu ya kokoto za reli saa saba mchana, hatafika upande wa pili. Bonde ambalo treni inalipita kwa saa chache, kwake ni ukuta.

Huo ndio unaoitwa kizuizi. Kizuizi ni kitu chochote kinachomzuia kiumbe kutoka makazi aliyonayo na kufika makazi mengine yanayomfaa. Si lazima kiwe ukuta au seng'enge. Joto ni kizuizi. Ukavu ni kizuizi. Hata mwanga ni kizuizi, kwa sababu wako ndege waliozoea giza la chini ya miti, ambao wakifika ukingo wa msitu na kuona uwazi wanarudi nyuma.

KWALE ALIYEONEKANA CHUNGUNI

Hapa tusimulie kisa kimoja, maana kinatuhusu.

Mwaka 1991 watafiti kutoka Denmark walikuwa wamepiga kambi katika misitu ya Udzungwa. Jioni wakala mboga. Mmoja akatazama ndani ya chungu, akaona miguu ya ndege ambayo haifanani na miguu ya kwale wala kanga anayemjua. Wakamtafuta ndege mwenyewe msituni wakampata. Kumbe ni kwale ambaye hajawahi kuandikwa na mtaalamu yeyote, na ndugu zake wa karibu wako Asia! Wenyeji walikuwa wakimla tu siku zote. Tunapenda sana kisa hiki kwa sababu kinaonyesha kwamba mwananchi anaweza kukijua kitu kabla ya profesa.

Mwaka 2000 kwale wa namna hiyo akaonekana na huku kwetu Rubeho, katika msitu wa Mafwemiro. Jon Fjeldså na Jacob Kiure walimweleza mwaka 2003. Wa huku ni mdogo kidogo kuliko wa Udzungwa, na manyoya yametofautiana. Mwaka 2005 ikaandikwa kwamba ni aina ya peke yake, kwale wa Rubeho.

Wametofautianaje, kama asili yao ni moja? Kwa sababu ya bonde la Ruaha. Wa huku hawakukutana na wa kule kwa muda mrefu mno, kila kundi likazaliana kwao mpaka wakawa mbalimbali. Basi kama hawakulivuka bonde hilo kwa maelfu na maelfu ya miaka, nani atatuambia watalivuka katika miaka 50 hii ijayo kwa sababu joto limezidi? Ana mabawa, ndiyo. Lakini ni ndege wa kutembea chini akipekua majani makavu. Mabawa yake ni ya kumkimbia paka wa porini. Hayakuumbiwa safari ya Iringa.

KIZUIZI CHA HUYU SI CHA YULE

Msomaji anaweza kudhani kwamba basi hakuna kiumbe anayehama. Sivyo, na hili linatugusa mifukoni.

Mnawakumbuka viwavijeshi vamizi wa mahindi. Asili yao ni mabara ya Amerika. Mwaka 2016 walionekana Afrika Magharibi, na mwaka 2017 walikuwa wamefika Tanzania. Hao hawakuletwa na joto la dunia, lakini tuwatazame kwa safari yao. Kipepeo wao huruka usiku mbali sana akisukumwa na upepo, na kila anapotua anakuta shamba la mahindi. Kwa kwale shamba la mahindi ni bahari. Kwa kiwavi ni meza iliyoandaliwa. Kwa hiyo tunapofyeka msitu na kupanda mahindi kutoka kilima mpaka kilima, tunamfungia mmoja njia na kumfungulia mwingine.

Tembo naye ana kizuizi cha aina nyingine. Joto la bondeni si kitu kwake. Kinachomzuia ni mashamba, nyumba na barabara. Mbuga ya Mikumi, iliyoanzishwa mwaka 1964, imekatwa na barabara kuu ya Zambia kwa karibu kilometa 50, na wanyama wanagongwa pale miaka yote. Matuta yamewekwa, na kila kosa lina faini, lakini lori la usiku halioni vizuri. Kule Kilombero, upande wa Mang'ula, imefanyika kazi nyingine. Wanavijiji wametenga njia ya tembo kati ya Udzungwa na hifadhi ya Nyerere, na kwenye barabara kukajengwa pa kupitia chini yake. Magari juu, tembo chini.

Na miti je? Miti haina miguu, lakini hutembea kwa mbegu. Hondohondo anakula tunda hapa, anaruka, anaangusha mbegu kule. Mwaka 2003 watafiti Norbert Cordeiro na Henry Howe walieleza habari ya mti mmoja wa Usambara Mashariki ambao mbegu zake husambazwa na ndege. Katika msitu mkubwa miche yake ilikuwa mingi. Katika vipande vidogo vya msitu, vilivyotengwa na mashamba, ndege wale ni wachache, na miche nayo ilikuwa michache. Mti mzee unasimama, unazaa, matunda yanaangukia kivulini mwake na kuishia hapo. Ukipita unaona msitu bado upo. Kumbe ni wazee bila watoto.

VIZUIZI TUNAVYOVIJENGA SISI

Bonde la Mkondoa hatukulichimba sisi. Wala ubaridi wa Rubeho hatukuuharibu sisi peke yetu, maana moshi mwingi ulioipasha joto dunia umetoka katika viwanda na magari ya nchi tajiri. Tunalisema hili wazi, kwa sababu haifai mlima vitunguu wa Lumuma abebeshwe mzigo wote.

Lakini kuna vizuizi vidogo ndani ya mlima wetu wenyewe. Msitu wa chini na msitu wa juu vilikuwa vimeshikana. Tukifyeka katikati, kiumbe wa chini hapati ngazi ya kupandia. Moto nao ni hivyo. Tunawasha nyasi mwezi wa Septemba ili majani mabichi yaote, upepo unauchukua moto mpaka ukingo wa msitu, unakula miti midogo. Mwaka wa pili tena, mwaka wa tatu tena. Ukingo unarudi nyuma. Kule Kilimanjaro mtafiti Andreas Hemp ameonyesha jambo la ajabu: joto limezidi, na ungetegemea msitu upande juu, lakini ukingo wake wa juu umeshuka kwa mamia ya mita, kwa sababu ya moto wa mara kwa mara katika miaka iliyokuwa mikavu zaidi. Viumbe wanasukumwa kutoka chini na huku juu mlango umefungwa.

Fikiri habari zetu sisi binadamu. Babu alipoona mto umekauka alifunga mizigo akahamia bonde la pili. Mjukuu akijaribu leo anakuta bonde la pili lina wenyewe, na mpaka umepandwa minyaa. Miguu anayo. Pa kwenda ndipo hapana. Tulipomwambia mzee hivyo alinyamaza, kisha akasema, "Hilo nimelielewa, maana limenipata."

NJIA INAPITA WAPI?

Katika nchi yetu njia ya msitu mara nyingi hufuata maji. Kando ya kijito kuna miti mikubwa, kivuli na unyevu. Mstari huo wa miti ukishuka kutoka msitu wa juu mpaka bondeni, ndiyo ngazi yenyewe. Chura anapanda nayo. Ndege wa gizani anapita humo bila kuliona jua. Mbegu nazo hupita.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu, au zinazoweza kuharibu mazingira, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Wengi wetu tumeisikia kama sheria ya maji tu. Kweli ni ya maji: maji ya Lumuma yanayonywesha vitunguu vyetu yanatoka kwenye misitu hiyohiyo ya Rubeho. Lakini ni sheria ya njia pia.

Hatusemi ni jambo jepesi. Bonde jembamba lina ardhi nzuri pale pale kando ya mto. Mita 60 huku na mita 60 kule, kwa mtu mwenye robo tatu ya eka, ni shamba zima. Kule Derema, Usambara Mashariki, serikali ilitaka kuunganisha vipande vya msitu ili viumbe wapite. Humo wananchi walikuwa wanalima iliki chini ya miti. Zaidi ya wakulima elfu moja waliguswa. Malipo yalichukua miaka, na wengine hawakuridhika na kiwango. Msitu ukaunganishwa, nalo ni jambo jema, ila sisi tunaona kwamba njia ya ndege isitengenezwe kwa kumkatia mtu njia yake. Mambo hayo yaletwe mapema katika mkutano wa kijiji, si siku ya kuweka vigingi. Tena kuna la katikati. Mkulima anaweza kuacha miti ya asili ukingoni, akapanda migomba na miti ya matunda inayofuata, na vitunguu vikasogea juu kidogo ambako mfereji unafika. Huo si msitu, lakini ni kivuli, na kivuli ni bora kuliko uwazi. Bwana shamba aulizwe ni miti gani haikaushi maji. Mikaratusi isipandwe hapo.

Kipindi kilichofuata mzee alikuja darasani amechelewa, suruali imekunjwa, miguu ina matope. Alikuwa amekwenda kupima. Tulikuwa tumewafundisha kwamba hatua moja ya mtu mzima ni kama sentimeta 75, hivyo mita 60 ni hatua 80. Alianzia ukingo wa mto akahesabu kuelekea kwenye vitunguu vyake.

"Hatua 22," akasema. "Tuta la kwanza nimelikuta hatua ya 22."

Akachukua chaki akaandika ubaoni kwa mkono wake: 80 - 22 = 58. Kisha akageuka akatuuliza, na darasa lote likawa linasubiri, "Sasa hizi 58, mwalimu, tunaanzia na jirani yangu au tunaanzia na mimi?"